Kuni za Kuomba

Mwaka wa tatu huu sijanunua mkaa, na nakaa Mtwara mjini, si kijijini. Gesi ninayo, mtungi mdogo upo jikoni kwa chai ya asubuhi na mayai ya mtoto anayewahi shule. Ila mbaazi kavu, ming'oko, na sufuria kubwa la wali siku wageni wakijaa, vyote hupikwa nje, nyuma ya nyumba, kwa kuni ambazo sikuzitolea hata mia. Watu huniuliza nazipata wapi. Nikiwaambia naziomba, wanacheka, wanadhani nakwepa swali.

Kicheko chao nakielewa. Kwetu kuni ni kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume mwenye kitambi na shati la kuchomekea akionekana anasukuma baiskeli yenye tita nyuma, basi ama amefilisika ama ameachwa. Siku ya kwanza vijana wa bodaboda pale kijiweni waliniuliza, "Vipi mjomba, shangazi kasafiri?" Nikawajibu kasafiri ndiyo, na anarudi na njaa. Siku hizi wao ndio wanaonipigia simu: mjomba, kuna mwembe umeanguka huku Magomeni, wahi kabla hawajauchoma.

Kabla hawajauchoma. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tunaimbiwa kila siku kwamba kuni zimeadimika, kina mama wanatembea mbali, miti inaisha, na yote ni kweli. Lakini njoo Mtwara baada ya masika uone mashamba ya mikorosho. Wakulima wanapogolea: matawi yaliyokufa, yanayoburuza chini, yanayogombania jua na ya mti wa jirani. Mashamba mengi ya zamani yamebanana, miti ilipandwa bila vipimo, wakati ushauri wa wataalamu ni mita 12 kati ya mti na mti, ili hewa ipite na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani na maua, usipate pa kujificha. Kwa hiyo yanakatwa matawi, na mara nyingine miti mizima. Kisha? Yanarundikwa katikati ya shamba na kutiwa kiberiti. Ukipita njia ya Naliendele mwezi wa sita asubuhi, moshi umelala juu ya mikorosho kama ukungu. Kuni za mwaka mzima zinateketea bila kuivisha hata kikombe cha uji, na mke wa mwenye shamba huyohuyo yuko barabarani anarudi na mzigo kichwani kutoka alikokwenda kutafuta kuni.

Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini. Nilisimamisha baiskeli ukingoni mwa shamba lake, nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, naona mnachoma matawi."

"Tunasafisha chini. Dawa ya salfa inakuja."

"Naomba nikupunguzie."

Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akaitazama tena baiskeli. "Unataka kuni?"

"Kuni, mzee."

"Sasa si useme kuni! Chukua. Ila usinichagulie manene ukaniachia vijiti. Beba na takataka zake."

Sikulielewa sharti hilo mpaka aliponieleza. Korosho hazichumwi mtini, zinaokotwa. Bibo likiiva linaanguka na korosho yake, na mwokotaji anapita ameinama kutwa nzima. Chini ya mti pakiwa na vijiti na majani makavu, nusu ya korosho hazionekani, na mwokotaji anachomwa mikono. Kwa hiyo mkulima hachomi kwa sababu anachukia kuni. Anachoma kwa sababu anataka sakafu safi, na moto ni kibarua asiyedai posho. Ukimwendea kwa maneno ya kuomba matawi manene tu, unamwachia kazi ileile. Ukimwambia nitaondoa vyote, na chini nitafagia, umekuwa mkombozi. Mwaka ule nilibeba matita sita kwenye shamba la yule mzee, na vijiti nilivikusanya kwenye magunia mawili. Vijiti hivyo ndivyo ninavyowashia moto hadi leo, pamoja na mibaazi mikavu ninayopewa watu wakishavuna.

Kuokota bila kuomba sikushauri. Hata tawi likiwa limeanguka lenyewe, shamba lina mwenyewe, na Mtwara msimu wa korosho ukikaribia mtu asiyejulikana akionekana chini ya mkorosho hawamwulizi kama amefuata kuni. Piga hodi. Mara mbili nimekataliwa, na mara zote mbili nilipewa maji ya kunywa.

Kazi inaanza ukishafika nyumbani, na hapa wengi wanaharibu. Tawi la mkorosho lililokatwa juzi limejaa maji na utomvu. Ukilitia motoni linatoa povu kwenye ncha, linalia, linafuka, na mpishi anatukana. Moto unakwenda kwanza kukausha kuni, chakula kinasubiri. Mimi huchanja vipande vinene mara moja kabla havijakakamaa, navipanga juu ya matofali visiguse ardhi, kichwa huku mguu kule ili upepo upite, na bati kuukuu juu. Kiangazi chetu cha mwezi wa sita hadi wa kumi kinatosha. Kupima ni rahisi: gonganisha vipande viwili. Kikavu kinalia ko! kama mbuzi ya nazi ikianguka sakafuni. Kibichi kinasema bu.

Nina ndugu yangu Uingereza, huko kuni ni za kuota moto ndani ya nyumba, si za kupikia. Naye ni mwokotaji kama mimi, anafuata mafundi wanaokata miti ya mitaani, anaomba magogo. Aliponiambia kwamba kule England tangu 2021 kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo lazima unyevu wake usizidi asilimia 20, nilicheka sana. Serikali inapima kuni! Baadaye nilikaa nikafikiri, nikaona wale wameandika sheria kwa jambo ambalo bibi yangu Newala alilijua kwa sikio. Newala ni juu, uwanda wa Makonde, mwezi wa saba asubuhi meno yanagongana, na sisi watoto tulikuwa tunaota moto jikoni kwake kabla ya kwenda popote. Kuni zake zilikaa darini juu ya mafiga, zikila joto la moto wa leo zisubiri kesho. Mbichi haikupita mlango ule.

Huyo ndugu yangu ndiye aliyenifundisha kusoma paleti, zile fremu za mbao zinazowekwa chini ya mizigo. Kwenye mji wa bandari kama huu, paleti zilizovunjika ziko nje ya maghala na karakana, na walinzi mara nyingi wanafurahi uziondoe, ukiomba. Paleti ya kimataifa ina muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto tu, choma. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, iache. Isiyo na muhuri au iliyomwagikiwa kitu nayo iache. Vivyo hivyo mabaki ya nguzo za umeme, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali au zinazonuka lami. Dawa iliyozuia mchwa isile nguzo hiyo miaka mingi huitaki kwenye moshi unaozunguka ugali wako. Nimewahi kumwona mama mmoja anachoma samaki kwa vipande hivyo. Nilimweleza, akanisikiliza kwa adabu, akaendelea kuchoma samaki.

Nami nisijifanye mjuzi. Mwaka wa kwanza tamaa iliniponza. Nilipewa gunia la maganda ya korosho na mtu anayebangua nyumbani, bure kabisa, nikaambiwa yanawaka kama mafuta ya taa. Yanawaka kweli, kwa sababu yana mafuta, na mafuta yenyewe ndiyo yale yanayobabua vidole vya wabanguaji. Nikayajaza chini ya sufuria la maharage. Ndani ya dakika chache moshi mzito mweusi umejaa uani, macho yananiwaka, jirani amefunga madirisha kwa kishindo, na mke wangu amesimama mlangoni na kitenge puani. Hakusema neno. Alinyanyua kifuniko, akaonja, akamwaga yote kwenye ndoo ya taka. Uso wangu uliwasha siku mbili. Viwandani wanayachoma kwenye matanuru yao yenye mabomba marefu. Kwenye mafiga yako hapana. Makumbi na vifuu vya nazi ndiyo, kwa raha zako, na mabanzi ya kwa mafundi seremala pia.

Mikoko siigusi. Najua kuni yake ni nzito na moto wake mkali, ndiyo maana wachoma chokaa waliipenda, lakini ni hifadhi, na mtu aliyezaliwa karibu na Mikindani anajua samaki wadogo wanalelewa wapi. Msitu wa hifadhi hata ukavu wake una kibali chake. Sina sababu ya kwenda huko, kwa sababu mjini na mashambani tunatupa nyingi kuliko ninavyoweza kubeba.

Sasa nishasikia sauti inaniuliza: wewe huitaki nishati safi? Naitaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 kwa mwaka 2020 peke yake, na bibi yangu alikohoa miaka yake yote ya mwisho. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo mwisho wake. Vizuri. Ila sisi wa huku tuna kidonda kidogo, tuvumiliwe. Gesi inachimbwa Msimbati, inasafishwa Madimba, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika 2015. Majirani zangu wengi wanaamini mtungi wanaonunua dukani ni gesi yetu iliyozungushwa ikarudi na bei ya mjini. Sivyo. Ya Msimbati ni methani, haijazwi kwenye mitungi hii. Ya mtungi ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo hapa Mtwara, juu ya gesi yetu wenyewe, tunapika kwa gesi ya wengine, na bomba la majumbani limefika nyumba chache. Mpaka likifika kwangu, mbaazi kavu zinazochukua saa tatu kuiva sizipiki kwa mtungi.

Na kinachonikera kwenye kampeni zenyewe ni kwamba mwokota kuni anawekwa kapu moja na mchoma mkaa. Anayekusanya tawi lililokufa chini ya mkorosho hajaangusha mti wowote. Hakuna anayemwambia la maana: kausha kuni zako, pikia nje au penye dirisha, chanja nyembamba, funika sufuria, loweka mbaazi usiku. Anaambiwa anunue mtungi. Akinunua, ukiisha anauweka kona ya jiko na kuutandikia kitambaa cha kufuma, kama redio ya marehemu.

Ningekuwa na sauti kwenye chama chetu cha msingi cha wakulima, ningeomba kitu kidogo tu. Wakati wanatangaza salfa imefika, watangaze pia kwamba fulani anapogolea wiki hii, wenye kutaka kuni waende na mifagio. Spika wanayo. Ile ile inayoita watu mnadani.

Wiki iliyopita yule mzee alipiga simu. Ana mkorosho wa enzi za baba yake, hauzai tena, maganda matupu, na mabwana shamba wamemwambia aukate chini abebeshe machipukizi ya mbegu bora. Shina, alisema, watu wawili hawalikumbatii. "Nimewakatalia wa mkaa, nimewaambia lina mwenyewe. Lakini uje na shoka lako, mwanangu. Langu mwaka jana ulinivunjia mpini."

Mpini nimenunua jana sokoni, wa kwake. Langu nitaazima kwa jirani aliyefunga madirisha.