Kama General Motors ingeachwa ife

Tarehe 1 Juni 2009 General Motors (GM), kampuni kubwa ya magari ya Marekani, iliingia mahakamani New York kuomba ifilisiwe na madeni ya dola bilioni 172 dhidi ya mali ya bilioni 82. Siku 40 baadaye ikatoka kampuni mpya, sehemu kubwa ya madeni imeachwa nyuma, na serikali ya Marekani imeshika takriban asilimia 61 ya hisa. Hadi leo watu hubishana: ingekuwaje kama Washington ingefumba mkono? Kidogo tu ingefumba. Baraza la Seneti lilikwamisha mkopo tarehe 11 Desemba 2008, na siku 8 baadaye Rais George W. Bush akaamua kuchota dola bilioni 17.4 za kuzikopesha GM na kampuni nyingine ya magari, Chrysler, kutoka mfuko uliokusudiwa mabenki.

Waliopinga hawakuwa wajinga. Mitt Romney, mwanasiasa wa chama cha Republican, alikuwa ameandika Novemba kwamba kampuni hizo zifilisiwe kwa utaratibu, zipunguze gharama, zianze upya. Mwaka wa kawaida ningemuunga mkono. Lakini anayefilisika kwa utaratibu huo huhitaji mtu wa kumkopesha fedha za kuendeshea kazi kesi ikiendelea. Benki kubwa ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka Septemba, mabenki hayaaminiani yenyewe kwa yenyewe, sembuse kumwamini mfilisika. Bila fedha za serikali, mahakama ingekuwa mnada wa vyuma.

Na GM isingekufa peke yake. Ford, iliyojikopea mapema mwaka 2006, ilikwenda Bungeni kuwatetea wapinzani wake, kwa sababu wanaowauzia vipuri ni wale wale. Hata Toyota na Honda hununua kwao huko Marekani. Sisi wa Pwani tunaijua hesabu hii: kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipokufa mwishoni mwa miaka ya 1980, aliyebaki na miwa isiyo na mnunuzi ni mkulima ambaye hata hakuwa mwajiriwa wake.

Upande wa pili nao una ushahidi, tena ulio karibu nasi. Uingereza iliitaifisha kampuni yake ya magari, British Leyland, mwaka 1975. Fedha za umma zikamiminwa, jina likabadilishwa, vipande vikauzwa kimoja kimoja, na kilichosalia, MG Rover, kikaanguka Aprili 2005. Maelfu wakapoteza kazi na mitambo ikaishia China. Kiwanda cha Leyland cha Thika kilibadili jina muda mrefu kabla ya mazishi hayo. Miaka 30 ya kumwekea dripu mgonjwa. Wanaosema GM ingeachwa wanaogopa hilo, na anayefuatilia habari za Kenya Airways atawaelewa bila kufafanuliwa.

Lakini GM haikufuata njia hiyo. Ilikatwa viungo: chapa zake za Pontiac na Saturn zikafungwa, Saab ikauzwa. Hazina ya Marekani iliuza hisa za mwisho Desemba 2013 kwa hasara ya takriban dola bilioni 11. Kwangu bei hiyo inavumilika. Nisichokivumilia ni kwamba mwaka 2014, swichi mbovu za kuwashia gari zilipogundulika kuhusika na vifo vilivyokuja kuhesabiwa 124, kampuni mpya ilijikinga kwamba makosa ya zamani ni ya ile iliyofilisika. Mahakama ya rufaa iliikatalia mwaka 2016. Uokoaji ulihitajika, ila masharti yake yaliwasahau waliouziwa magari.

Je, Mombasa ingehisi nini? Wengi watasema hakuna, kwani nani hapa ana Chevrolet ya GM? Watazame kanta na mabasi ya Isuzu. Yaliunganishwa Nairobi na General Motors East Africa, ambayo Wamarekani walimiliki asilimia 57.7. Isuzu yenyewe isingeanguka, maana GM ilikwisha kuuza hisa zake za mwisho za kampuni hiyo ya Japani mwaka 2006. Spea zingeendelea kuteremka Kilindini. Kilichokuwa kikienda mnadani ni ile asilimia 57.7, na Isuzu iliinunua hata hivyo mwaka 2017. Uokoaji, kwa Kenya, ulituchelewesha miaka 8 tu.

Isipokuwa mwaka 2009 Wajapani nao walikuwa hoi. Hata Toyota ilipata hasara ya uendeshaji ambayo haikuwahi kuiona kwa takriban miaka 70. Wenye fedha taslimu walikuwa Wachina, ambao mwaka 2010 kupitia kampuni yao ya Geely waliinunua Volvo kutoka Ford. Mnada ule ungeangukia mikononi mwao, sidhani kama wangeendelea kuunganisha lori la Mjapani kwa faida ya Mjapani. Kiwanda kingegeukia malori yao, na Isuzu ingetafuta pa kuunganishia magari yake. Miritini, ambako Associated Vehicle Assemblers imezoea kuunganisha magari ya kampuni mbalimbali, pangekuwa mahali pa kwanza pa kubisha hodi.