JavaScript yenye lafudhi ya PHP

Muulize msanidi wa tovuti anajua lugha ngapi za programu, atakutajia nne au tano bila kuvuta pumzi. Wapo wanaomsadiki, kwamba aliyeijua moja amezijua zote. Wapo wanaoguna na kusema mshika mawili, moja humponyoka. Nimefanya kazi na watu wa kambi zote mbili. Kila kambi ina hoja, ila zinabishania idadi wakati shida haiko kwenye idadi.

Wanaosadiki wana ushahidi wa wazi: kazi yenyewe haimwachi mtu na lugha moja. Chukua ukurasa mdogo tu wa kuingilia kwenye akaunti. Fomu imeandikwa kwa HTML na kupambwa kwa CSS, JavaScript inakagua kama nywila imejazwa, kwenye seva (kompyuta inayotuma ukurasa) kuna PHP au Python, na hifadhidata inaulizwa kwa SQL. (Wabishi watasema HTML na CSS si lugha za programu. Sawa, lakini ubishi huo haujawahi kummalizia mtu kazi.) Tena baadhi ya lugha hizi ni ndugu: JavaScript na PHP zimerithi mabano na nukta mkato za lugha ya C, kwa hiyo aliyezoea moja huanza kuisoma nyingine ndani ya siku chache.

Ulazima huo lakini umelegea. JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995 kwa ajili ya kivinjari cha Netscape, ilishika kasi kwenye seva baada ya Node.js, programu inayoiendesha nje ya kivinjari, kutolewa mwaka 2009. Leo mtu anaweza kujenga tovuti nzima kwa lugha hiyo peke yake, na SQL kidogo.

Wanaoguna nao wanajua wanachokisema. Sintaksia, yaani kanuni za kuandika lugha, ndiyo sehemu nyepesi. Mitego iko kwenye tabia za lugha. Mwambie Python apange namba 10, 9 na 1, atakupa 1, 9, 10. Tumia sort, amri ya kupanga ya JavaScript, bila maelekezo zaidi, utapata 1, 10, 9, kwa sababu inazilinganisha kama maandishi. Hakuna ujumbe wa kosa. Ukurasa unafunguka vizuri, orodha ya bei iko ovyo.

Hilo bado ni dogo. Kwenye PHP, kwa mpangilio wake wa kawaida, kila ombi la kufungua ukurasa huanza upya, na likishajibiwa vigeu vyote (majina ambamo programu huhifadhi data) hufutika. Msanidi aliyelelewa humo haoni tatizo kuweka jina la mtumiaji kwenye kigeu cha jumla, kinachofikiwa na programu nzima. Mhamishie Node.js, ambako programu moja huendelea kuishi ikihudumia maombi ya watu wengi, naye aandike vilevile. Akijaribu peke yake, kila kitu shwari. Siku wanapoingia watu wawili kwa pamoja, wa kwanza anaoneshwa akaunti ya wa pili. Ukiusoma msimbo wake, ni JavaScript safi. Fikra ndizo zenye lafudhi ya PHP.

Ila sikubali kwamba dawa ni kubaki na lugha moja. Aliyekaa miaka kumi ndani ya PHP tu hajui kuwa kule kufutika kwa vigeu ni desturi ya PHP. Anadhani ndivyo kompyuta zilivyo. Lugha ya pili ndiyo humfumbua macho. Ya tano, kwa maoni yangu, huongeza zaidi urefu wa wasifu.

Matangazo ya kazi yanayodai miaka mitano ya lugha fulani yanamfungia nje mtu ambaye pengine angeizoea kwa mwezi mmoja. Woga wa waajiri hao hata hivyo si wa bure: makosa ya mwezi huo hulipwa na watumiaji wa tovuti.

Ningekuwa naajiri, nisingeuliza lugha ngapi. Ningemwekea mtu msimbo wa lugha asiyoijua, nimwoneshe kigeu kimoja, nimuulize kinazaliwa lini, kinakufa lini, na nani mwingine anaweza kukigusa. Akisema hajui lakini akanionesha pa kuangalia, hapo tunaweza kuanza kuzungumzia mshahara.