Ndama wa Dhahabu

Mwezi wa saba hapa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukungu hauondoki, unahama tu. Asubuhi uko kwenye migomba, mchana umekaa juu ya bati, jioni umerudi mlangoni kama mgeni aliyesahau mwavuli. Ng'ombe wangu Nashukuru, chotara wa Friesian, akachagua wiki ya baridi kuliko zote ndipo azae. Ndama jike, kilo kama 35, kalowa chapachapa, saa nane za usiku.

Ya mwanzo niliyafanya vizuri, naomba yaandikwe kabla ya aibu. Nilimsugua kwa gunia kavu mpaka manyoya yakasimama, nikachovya kitovu kwenye iodini ya asilimia 7, nikamkamua mama yake, na haikupita saa moja ndama alikuwa na lita 2 za dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, tumboni. Kulipokucha nikampa nyingine 2. Dang'a haingoji kukuche: kila saa inayopita utumbo wa ndama unazidi kuzifungia mlango kinga za mama yake, na siku ikishaisha, hata umpe ndoo nzima, umempa chakula tu.

Kilichobaki kilikuwa baridi. Ndama mchanga, joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, huanza kuyachoma maziwa yake ili ajipashe, kukua kunasubiri. Kipimajoto nilichotundika bandani kilisoma 11. Nikapandisha maziwa kutoka lita 4 kwa siku hadi 6, milo mitatu, yakiwa na nyuzi 39, maana ukimpa yaliyopoa atayapasha mwenyewe kwa nguvu zilezile unazotaka azihifadhi.

Halafu koti. Wafugaji wa nchi za theluji huwavalisha ndama makoti, na sikuona kwa nini wa kwangu atetemeke. Nilianza na gunia la katani, likanywa mkojo kama sifongo, na koti lililolowa ni baya kuliko kukosa koti. Nilitaka kitambaa kizito chenye bitana. Sasa, sandukuni mwa mke wangu mna pazia mbili za satini za rangi ya dhahabu, zinazotundikwa tarehe 20 Desemba watu wa Dar wanapopanda mlimani, na kushushwa wakishaondoka. Nikajiambia Desemba iko mbali.

Fundi wa njiapanda alimaliza kwa saa mbili: satini nje, satini ndani, blanketi kuukuu katikati, mkanda mmoja kifuani na mwingine tumboni, vyote vikiacha nafasi ya kupitisha kiganja. Kiganja hicho ndicho unachokipitisha kila asubuhi kuona kama manyoya ya chini yana jasho; yakiwa na jasho, au jua likitoka, unamvua. Fundi, kwa wema wake na bila kuagizwa, hakukata mashada ya pindoni. Ndama akawa anatembea nayo yakining'inia kama kiti cha askofu.

Siku ya tano, usiku wa kuamkia Jumamosi, akakohoa mara mbili.

Ndama akikohoa, kabla hujampigia simu daktari wa mifugo kagua vitu vitatu: malalo mabichi, upepo unaompiga akiwa amelala, na harufu ya mkojo. Mimi nilikuwa na sababu ya kushuku vyote vitatu. Wiki hiyo mabua ya mahindi kutoka tambarare yalikuwa hayajapanda, nikawa namjaza Nashukuru vipande vya migomba. Mgomba ni maji yaliyosimama wima. Unachomlisha ng'ombe asubuhi unakichota na koleo mchana, na sakafu yangu, iliyomwagwa bila kipimo, inateremkia kwa ndama. Tena kwa kuogopa baridi nilikuwa nimeziba kuta kwa turubai mpaka juu kabisa. Kosa hilo sirudii: chini ziba, lakini acha kama futi moja chini ya bati pande zote mbili, hewa chafu ipate pa kutokea.

Saa 11:30 alfajiri nikavaa koti langu jeupe la kukamulia, refu mpaka kwenye buti, nikaingia kwa ndama.

Kipimo cha malalo ni goti. Unapiga magoti kwa uzito wako wote kwa sekunde 20. Suruali ikitoka imelowa, hata kama maranda yanaonekana makavu kwa juu, ndama analalia maji. Kiganja kitakudanganya kwa sababu hakigandamizi. Sina saa ya mkononi, kwa hiyo nilihesabu kwa sauti.

Kipimo cha upepo ni mshumaa. Unauwasha ndani ya mkebe, maana maranda hayana masihara na moto, unaushusha usawa wa ndama aliyelala, unatazama ulimi wa moto unaelekea wapi.

Kipimo cha harufu ni pua yako mwenyewe, lakini iwe pale ilipo pua ya ndama. Mtu aliyesimama hanusi kinachonuswa chini. Nikainama mpaka paji la uso likagusa maranda, nikavuta pumzi. Macho yakaniwasha, machozi yakatoka. Nikainuka, nikahamia kona ya pili, nikainama tena. Na ya tatu.

Nilichosahau ni kwamba wiki ile sala ya jumuiya ilikuwa kwetu, saa 12 kamili, na kwamba wanaotoka bondeni hupitia nyuma ya banda.

"Tumsifu Yesu Kristu," ikasema sauti nyuma yangu, polepole, kama ya mtu anayemwita mwenzake ashuke juu ya paa.

Badala ya "Milele amina" nikajibu, "Kumi na tisa."

Nikageuka nikiwa bado magotini. Mlangoni walisimama watu kama kumi na wawili, rozari mikononi. Katekista alimtazama ndama katika satini yake, akautazama mshumaa, akanitazama mimi na koti langu jeupe na machozi yangu, akarudi kwa ndama. Bibi mmoja akanong'ona, "Kutoka, sura ya 32."

Ndama, ambaye kwake mtu aliyeinama ni chupa inayokuja, akaanza kuninyonya sikio.

"Sivyo mnavyofikiri," nikasema. "Nakagua mkojo. Kwa magoti."

Haikusaidia. Mke wangu akatokea na chupa ya chai, akapenya katikati ya watu, akaona.

"Pazia zangu," akasema. Hakuongeza neno, na sala zote zilizofuata asubuhi ile hazikunipa amani.

Aliyeniokoa ni katekista, ambaye ana ng'ombe wawili na miezi michache nyuma alizika ndama kwa kichomi. "Goti linajuaje?" akauliza. Nikamweleza habari ya uzito, na sekunde 20. Akatundika kofia yake kwenye msumari, akashika ukingo wa banda, akashuka. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye mitamba miwili, akasema hawezi kusimuliwa kitu kilicho mbele yake, akakunja khanga, akapiga magoti kona ya mashariki. Mama mwingine akamfuata. Waliokosa nafasi ndani wakahesabu kutoka nje, wote kwa pamoja, kwa mwendo uleule wa litania.

Walikuwa wamefika kumi na saba paroko aliposimama nyuma yao. Alikuwa anampelekea mgonjwa wa jirani Komunyo, akafuata sauti kwenye ukungu.

"Katekista," akaita. "Mnafanya nini?"

Katekista hakujibu mpaka ishirini ilipotimia. Akainuka kwa shida, akajipapasa goti moja, kisha la pili.

"Huku kukavu, Padre," akasema. "Ila kwa mwenyekiti kumelowa."