Si bahati peke yake inayoamua

Makala ninayoijibu inaeleza kuwa baadhi ya wachezaji wa Shattered Pixel Dungeon, mchezo wa video wa kupenya shimo lenye mazimwi, wanauona mchezo huu kuwa bahati nasibu tu, kwa kuwa vyumba vya shimoni hupangwa upya kila mara na mhusika akifa huna budi kuanza moja. Ninaelewa uchungu wao, lakini siafikiani nao.

Tazameni lile zimwi la uteute mweusi linalolinda ghorofa ya 5. Kabla ya kutoa pigo lake kubwa huvimba, na mchezaji anayeiona dalili hiyo akajitenga nalo mapema husalimika, ilhali anayeng'ang'ania kupiga hufa, kisha hulaumu bahati. Nami nilikufa hapo mara nyingi kabla ya kujifunza kutazama. Vivyo hivyo kwa dawa: rangi hubadilishwa kila mchezo unapoanza upya, kwa hiyo chupa iliyokuponya jana leo yaweza kuwasha moto, na ndiyo maana mzoefu huonja asichokijua akiwa kando ya maji.

Ninachokubali ni kwamba njaa ya mhusika humbana mchezaji mgeni kupita kiasi, naye angestahili maelezo zaidi.

Jambo ambalo makala imelipita haraka ni kwamba Evan Debenham ameujenga mchezo huu tangu mwaka 2014 juu ya msimbo wa mchezo wa awali, Pixel Dungeon, ambao mtunzi wake Oleg Dolya aliuachia huru, na kwenye Android haulipiwi, hauna matangazo, wala hauhitaji bando ili kuucheza.