Korutini ndiyo, hipu hapana

ATmega328P, chipu iliyo kwenye Arduino Uno, ina RAM ya baiti 2048. Salamu moja ya asubuhi ya shangazi kwenye WhatsApp, na maua yake yote, inaweza kuijaza. Ndiyo maana nikiona `malloc`, agizo la kuomba kumbukumbu kwenye hipu (akiba ya RAM inayochukuliwa na kurudishwa programu ikiendelea), kwenye programu ya kifaa cha namna hiyo, nakunja uso.

Kuisha kwa hipu si tatizo kubwa. Tatizo ni kutoboka-toboka. Unachukua kipande, unarudisha, unachukua kingine. Baada ya wiki mbili zimebaki baiti 300, ila hakuna mahali ambapo 100 zimekaa pamoja. Ni daladala yenye viti vitano vitupu, kila kimoja mstari wake, halafu abiria kaja na kochi.

Lakini kazi kadhaa kwa pamoja bado tunazitaka: kupima maji, kuwasha pampu, kusikiliza kitufe. Ukitumia RTOS, yaani mfumo endeshi mdogo unaozigawia kazi muda, kwa kawaida kila kazi inadai staki yake, kumbukumbu ya vigezo vyake vya muda. Kazi tano za baiti 200 ni 1000, karibu nusu ya mali yote. Korutini isiyo na staki yake, yaani kitendakazi kinachoweza kusimama katikati kisha kuendelea, haina makuu hayo. Ikifika pa kusubiri, inakumbuka ilipoishia na kumwachia mwenzake zamu. Melvin Conway alishaliandika wazo hili mwaka 1963. Protothreads za Adam Dunkels hulitekeleza kwa makro za C (vifupisho vinavyopanuliwa kuwa msimbo) zilizojengwa juu ya `switch`, agizo la kurukia sehemu teule ya msimbo, na kwenye chipu hii kila moja hukumbuka ilipoishia kwa baiti 2. Mbili tu!

Bei yake niliilipa kwenye tangi la maji la mama, ambako chipu hii inaendesha pampu. Nilitaka isubiri tangi lijae au dakika 10 zipite, nikaandika hivi (`millis()` ni saa ya chipu, kwa milisekunde):

`unsigned long mwanzo = millis();`
`PT_WAIT_UNTIL(pt, tangiLimejaa() || millis() - mwanzo > DAKIKA_10);`

Inapendeza machoni, na ni mbovu. Korutini hii haina staki yake, kwa hiyo ikirudi kutoka kusubiri inaruka mstari wa kwanza, na `mwanzo` inakuwa na takataka yoyote iliyokuwepo. Pampu ikawa inawaka na kuzima papo hapo. Saa tano usiku simu ikaita: "Mwanangu, hiki kidude chako kinagonga-gonga, ni kawaida?" Haikuwa kawaida. Dawa ilikuwa kuugawa mstari ule: kwanza `static unsigned long mwanzo;`, ili kigezo kidumu, kisha `mwanzo = millis();` peke yake.

Kuna watakaoniambia nihamie korutini za C++20, toleo la lugha ya C++ la mwaka 2020. Nimezijaribu, na kwa chipu ndogo sizitaki. Kwa kawaida fremu ya korutini, yaani kumbukumbu ya kuhifadhi hali yake, hutengwa kwenye hipu. Kompaila inaweza kuliepuka hilo, lakini haikuahidi. Unaweza kuiandikia `operator new` (kitendakazi cha kutenga kumbukumbu) yako ichote kwenye safu uliyoitenga mapema, sawa, ila ukubwa wa fremu huwezi kuuliza kwa `sizeof`, kipimo cha ukubwa wakati wa kukompaili, kwa hiyo safu yenyewe unaikadiria kwa macho. Watu wa lugha ya Rust wamelifanya vizuri zaidi: kitendakazi cha `async` kinageuzwa kuwa mashine ya hali, yaani msimbo unaokumbuka hatua uliyofikia, yenye ukubwa unaojulikana wakati wa kukompaili, na Embassy, maktaba ya Rust ya vifaa vidogo, huziweka kazi zake kwenye kumbukumbu tuli. Nikipata chipu kubwa zaidi, nitaenda huko bila kusukumwa.

Kwa tangi la mama nimebaki na makro zangu. Nikikompaili, Arduino inaniandikia kwamba vigezo vya jumla vimekula baiti 611, zimebaki 1437 kwa staki. Hesabu hiyo naiona mezani, kabla sijapanda ngazi.