Boti ya Wagonjwa na Bwana Afya: Pesa za Afya Lamu Ziende Wapi?

Ukikaa kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti ya kaunti pale Amu, yaani mji wa Lamu, utasikia maombi ya daktari bingwa, dawa, mashine ya eksirei na boti ya kubebea wagonjwa. Ni nadra kumsikia mtu akiomba bwana afya mwengine, yaani ofisa wa afya ya umma anayekagua usafi na kukinga maradhi, kwenye wadi yake. Bwana afya akitajwa, mara nyingi ni kwa kulalamikiwa: kamfungia fulani mkahawa, kamsumbua mama wa mahamri kwa cheti. Mvutano wa idara ya afya ya kaunti umejificha humo. Shilingi iliyopo imfuate aliyekwisha kuugua, au imkinge ambaye bado mzima?

Katiba ya 2010 haikuchagua. Jedwali lake la Nne limeipa kaunti hospitali na zahanati, ambulensi na afya ya msingi, na pia leseni za wauza chakula, uzoaji wa taka, majaa na makaburi. Mwaka 2013 mizigo yote hiyo iliwaangukia magavana wa kwanza kwa pamoja, na tangu hapo upande mmoja umekuwa na sauti kubwa kuliko mwengine. Mgomo wa madaktari wa siku 100 uliomalizika Machi 2017 ulijulikana na kila mtu nchini. Jaa lisilozolewa siku 100 halina chama cha kulitetea.

Wanaodai boti, hata hivyo, wana hoja nzito. Lamu ndiyo kaunti yenye watu wachache zaidi Kenya, 143,920 kwa sensa ya 2019, lakini watu hao wametawanyika visiwani Amu, Manda, Pate na Kiwayu, na bara kuanzia Witu hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Mja mzito wa Kizingitini akipatwa na kifafa cha mimba usiku, na hospitali ya Faza ikawa haiwezi kumhudumia, njia ni bahari mpaka hospitali ya King Fahd mjini Amu. Maji yakiwa yamekupwa, mlango wa Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari ulio njiani, haupitiki ovyo. Umwambie mumewe habari za kinga na elimu ya afya wakati huo? Atakuona huna adabu, na atakuwa sawa. Tena mtu aliyetibiwa vyema ndiye anayemfungulia mhudumu mlango siku ya chanjo.

Lakini Lamu ina historia inayopaswa kumnyima usingizi mkuu wa idara yoyote ya afya. Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliingia kisiwani Amu. Utafiti wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba asilimia 75 hivi ya wakazi walikuwa wameambukizwa, yaani takriban watu 13,500 kati ya 18,000. Ni ugonjwa usioua wengi, ila humlaza mtu kwa homa na maumivu ya viungo yanayoweza kudumu miezi. Kutoka pwani yetu virusi vilivuka hadi Komoro, kisha Réunion, ambako katika 2005 na 2006 karibu theluthi ya watu wa kisiwa waliugua.

Kilichouleta ni kitu cha nyumbani kabisa, na ndiyo maana nakikazania. Watafiti waliuhusisha mlipuko huo na ukame. Maji yakiwa haba, watu huyahifadhi muda mrefu kwenye mapipa, mitungi na madumu yasiyofunikwa vizuri. Mbu wa Aedes aegypti hahitaji kinamasi, anatosheka na pipa. Hutaga ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na mayai yakikauka huweza kuishi miezi yakisubiri kulowa tena. Kwa joto letu, yai huwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi. Basi kumwaga maji tu hakutoshi, lazima chombo kisuguliwe, na kisuguliwe kila wiki. Na kwa kuwa mbu huyu huuma mchana, chandarua cha usiku hakimsaidii mtu aliyeketi barazani saa kumi jioni.

Hakuna daktari bingwa ambaye angeuzuia mlipuko ule. Homa yenyewe haina dawa ya kuiua, mgonjwa hupewa ya kutuliza maumivu na kuambiwa apumzike. Aliyeweza kuuzuia ni mtu wa kuingia nyumba hadi nyumba katika mitaa ya Mkomani na Langoni, akafunua mapipa, akaonyesha viluwiluwi. (Wazee walikuwa na ujanja wao: katika birika za nyumba za mawe, yaani matangi ya maji ya kujengwa, walifuga visamaki vya kula viluwiluwi, na sakafuni wakajengea bakuli ili maji yakipungua samaki wapate pa kuponea. Tangi la plastiki halikurithi ujanja huo.)

Wapo watakaosema kwamba mwaka 2004 kaunti haikuwepo na afya ilisimamiwa na wizara iliyoko Nairobi, kwa hiyo leo mambo ni tofauti. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ofisi iliyo Lamu inajua visima vya Shela na inajua ni lini umati wa Maulidi utajaa msikiti wa Riyadha. Lakini ukaribu wa ofisi haumfunui mtu pipa lake. Uamuzi ukiwa karibu na wapiga kura, mwanasiasa huvutwa na kitu kinachokatiwa utepe, na utepe hukatwa kwenye wodi mpya, si kwenye mtaa ambao watu hawakuugua. Ugatuzi umeongeza uwezo wa kukinga na papo hapo umeongeza kishawishi cha kutokinga.

Pingamizi linalonipa tabu zaidi ni la wahasibu: ugonjwa ambao haukutokea utaukaguaje? Ofisa mvivu anaweza kujisifu kwa kipindupindu ambacho hakikuja. Jibu ni kupima kazi badala ya kupima bahati. Kampeni za dawa za matende na mabusha ni mfano mzuri. Maradhi hayo yapo pwani yote, Lamu ikiwemo, na ili maambukizi yakatike, angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo hutakiwa kumeza dawa, wakiwemo wasioumwa kitu. Hapo pana hesabu inayoweza kutangazwa kijiji kwa kijiji. Vivyo hivyo mapipa: yamekaguliwa mangapi, mangapi yalikuwa na viluwiluwi, mwezi uliofuata hali ilikuwaje.

Na bwana afya mwenyewe asifanywe mkusanya ushuru. Mtu akijua kwamba anayebisha hodi amekuja kuangalia leseni, atafunga mlango na pipa litabaki wazi. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya enzi za mkoloni, inampa mamlaka makubwa, na kuna siku mamlaka hayo yanahitajika, kwa mfano maji ya choo yanapotiririkia mtaroni. Siku nyingine zote neno la jirani au la imamu baada ya sala hufika mbali zaidi. Ndiyo kazi ya wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 na kuahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba, hicho ni kifuta jasho tu, na anayeisifu kinga kwa kuwa ni rahisi akumbuke urahisi huo unatoka mgongoni mwa nani.

Mimi naegemea kwa bwana afya, kwa sababu ya pesa. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inaruhusu hospitali kubaki na kile inachokusanya. Hospitali, hata malipo ya bima yakichelewa, ina mlango wa kuingizia mapato. Kusugua mapipa hakuna risiti. Basi fungu la kaunti lianze na kile kisichoweza kujilipia: bwana afya, wahudumu wa jamii, maji safi, taka, na boti, kwa kuwa boti nayo haiwezi kumtoza mama aliye katika uchungu. Majengo mapya yangoje.

Msitu wa Boni ndipo hoja yangu inapopwaya. Wadi ya Basuba, iliyo huko, imeishi miaka mingi chini ya hofu ya mashambulizi, zahanati zikafungwa, na huko si tabibu wala bwana afya anayefika bila ulinzi. Kliniki za kuhamahama za mashirika kama Safari Doctors zimeziba sehemu ya pengo hilo, lakini shirika linategemea mfadhili, na Katiba haikulitwika shirika kazi hiyo. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Mwakilishi wadi anayetaka kuuliza swali moja tu kuhusu afya aulize hili: kwa Basuba, mafuta na ulinzi wa safari za kliniki vimetengewa shilingi ngapi, na ziko kwenye ukurasa upi?