Miaka 15, muhuri wa mwaka mmoja

Karatasi zilikuwa 43. Nilizihesabu mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya kwenda uhamiaji, na kila moja ilitakiwa iwe na saini ya mume wangu chini, kwa wino wa bluu, inayofanana na ile iliyomo kwenye pasi yake. Mzee ana miaka 80 na mkono wake wa kulia unatetemeka. Saini ya kwanza ilitoka vizuri. Ya kumi ilijipinda kama njia ya siafu. Tulipofika ya ishirini kalamu ilimponyoka, nikamchemshia chai, tukakaa kidogo, tukaendelea.

Tunaishi kaskazini mwa Thailand tangu mwishoni mwa 2010. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nilifanya kazi ya kutunza wazee Uingereza hadi nilipostaafu. Yeye ni Mwingereza, alikuwa mtu wa reli. Mwaka 2025 aliomba kuongezewa muda wa kukaa kwa mara ya 15, na mimi, kama mke anayemtegemea, nikaomba nyuma yake. Nikiwaeleza ndugu na marafiki habari hizi, jibu huwa moja kati ya mawili. Wapo wanaosema nchi ya watu ina sheria zake, kama zinawashinda rudini kwenu. Na wapo wanaosema wazee wanaleta pesa zao halafu wanasumbuliwa kama wezi. Nimekaa na maneno hayo yote mawili kwa muda mrefu, na naona kila upande una haki zaidi kuliko mwenzake anavyotaka kuukubalia.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Watu huiita viza ya wastaafu, lakini hasa ni ruhusa ya kuongezewa kukaa mwaka mmoja mmoja. Mwombaji awe ametimiza miaka 50, asifanye kazi, na aonyeshe fedha: baht 800,000 katika benki ya Thailand kwa jina lake peke yake, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa vyote viwili unaofikia 800,000 kwa mwaka. Hizo 800,000 ni kama shilingi milioni 60 za Tanzania. Ada yenyewe ni ndogo, baht 1,900. Kisha kila siku 90 unaripoti kwamba bado unakaa pale pale. Ukitoka nje ya nchi bila kibali cha kurudi, ambacho ni baht 1,000 kwa safari moja, ruhusa yako inafia uwanja wa ndege na unaanza upya. Ukizidisha siku, faini ni baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000.

Sasa niseme kwanza haki ya mwenyeji, maana wageni wenzangu wengi hawaisemi.

Sokoni kwetu yuko mama mmoja anayetuuzia mchicha na maembe. Ana miaka 71. Serikali yake humpa baht 700 kwa mwezi kama posho ya uzee. Posho hiyo huanzia baht 600 kwa mwenye miaka 60 na huishia 1,000 kwa aliyefika 90. Mtu mmoja kati ya watano nchini humu ameshavuka 60, na vijana hawazaliwi wa kutosha kuwabeba. Yule mama hupanga mafungu yake tangu alfajiri, mgongo umepinda, na pembeni yake napita mimi nikilalamika kwamba tunadaiwa kuonyesha 800,000. Nilipoijua posho yake nilipunguza sauti.

Ipo na habari ya hospitali. Mzee wa kigeni asiye na bima akianguka na pikipiki usiku, gari la wagonjwa humpeleka hospitali ya serikali, na madaktari humtibu kwanza. Bili huja baadaye, na wakati mwingine mwenye bili hana kitu, wala hana ndugu wa kupigiwa simu. Nchi inapodai kuona fedha mapema inajilinda na jambo ambalo limeshaitokea mara nyingi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kutunza wazee niliona uzee unavyokula fedha, na siwezi kumlaumu mwenyeji anayeuliza nani atalipa.

Tena kiwango chenyewe hakijapandishwa ovyo. Na walioingia kabla ya tarehe 21 Oktoba 1998 na kuongezewa bila kukatika waliachiwa sharti lao la zamani: mwenye miaka 60 na zaidi, baht 200,000 tu. Thailand ilikubali, kwa maandishi, kwamba mtu aliyekuja kwa sheria moja asigeuziwe nyingine akiwa ameshazeeka. Nchi nyingi haziwi na subira hiyo.

Basi tatizo liko wapi?

Sehemu kubwa ya maumivu ya wastaafu Waingereza haikutengenezwa Bangkok. Imetengenezwa London. Uingereza huipandisha pensheni ya serikali kila mwaka kwa wanaokaa nyumbani na katika baadhi ya nchi nyingine, lakini kwa anayehamia Thailand huigandisha pale pale ilipokuwa. Mume wangu alianza kuipokea 2010, pauni 97.65 kwa wiki, na mpaka leo ni pauni 97.65. Mwenzake aliyestaafu siku moja naye akabaki Uingereza alikuwa akipokea pauni 176.45 katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025. Walikatwa michango ile ile. Kwa kiwango cha kubadilisha cha siku hizi hiyo ya kwetu ni kama baht 18,600 kwa mwezi, haifiki hata theluthi ya zile 65,000. Isingekuwa pensheni yake ya reli tungekuwa tumeshaondoka. Mmarekani jirani yetu halijui tatizo hili, kwa kuwa pensheni ya serikali yake hupanda popote anapoishi.

Ongeza na thamani ya pauni. Waliokuja 2007 walikuwa wakibadilisha pauni moja kwa karibu baht 70. Wakati huo 800,000 zilikuwa kama pauni 11,400. Leo pauni ni baht 44 hivi, na 800,000 zile zile zimekuwa zaidi ya pauni 18,000. Sheria haikusogea, ila mlima umeongezeka kimo chini ya miguu ya mtu anayezidi kuishiwa nguvu. Hapo siwezi kumtupia lawama afisa wa uhamiaji, ingawa ndiye tunayemkunjia uso.

Lakini mwaka 2019 Thailand nayo iliongeza uzito wake. Kabla ya hapo aliyetumia njia ya kipato alipeleka barua ya ubalozi. Balozi za Uingereza, Marekani na Australia zikaacha kutoa barua hizo, kwa sababu zilitakiwa kuthibitisha vipato ambavyo hazikuwa na namna ya kuvihakiki. Wengi wakalazimika kuhamia njia ya benki. Na kuanzia Machi mwaka huo fedha za benki zikawekewa kufuli: 800,000 zikae kamili miezi miwili kabla ya kuomba na mitatu baada ya kupewa, na miezi iliyobaki zisishuke chini ya 400,000.

Hapa ndipo ninapotofautiana na sheria kwa dhati. Maana ya sharti ni kwamba mzee awe na fedha za kumsaidia akiugua. Sasa akiugua hawezi kuzigusa. Baht 400,000 hazitoki mwaka mzima, na akizitoa kulipia upasuaji, ombi la mwaka unaofuata limekufa. Ni kama kumwambia mtu lazima uwe na mwavuli, lakini usiufungue mvua ikinyesha. Na kwa kuwa akaunti inatakiwa iwe ya jina moja, mume akifariki benki huifunga mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Mke aliyekaa kwa mgongo wa ruhusa ya mumewe hana tena wa kumtegemea katika ombi linalofuata. Kwa hiyo nikiwa mjane naweza kuwa pia mgeni asiye na kibali, na fedha tulizoweka ziko nyuma ya mlango wa mahakama. Nimemsisitiza mzee aandike wosia wa hapa hapa, kwa Kithai, na ameuandika. Kila mke aliye katika hali yangu namwomba alifanye hilo wiki hii, asingoje.

Ugumu huu ndio uliozaa mawakala. Wapo wanaokuwekea fedha katika akaunti kwa siku chache, wanakamilisha karatasi, wanakurudishia pasi yenye muhuri, nawe unalipa ada nono. Rafiki zetu wawili wamepita njia hiyo, na ninajua hawakupita kwa ujanja. Mmoja alitumia akiba yake kumuuguza mkewe. Hata hivyo sikubaliani nayo. Muhuri uliopatikana kwa fedha zisizo zako unakuacha uchi siku ya ugonjwa, yaani siku ile sheria iliyokuwa ikiihofia, na ukigundulika unafukuzwa nchini ukiwa na miaka 75 na huna nyumba kokote.

Wanaotetea utaratibu huu husema kuongeza kila mwaka ndiko kunakohakikisha mzee bado ana uwezo. Hoja hiyo ingenishawishi kama nchi isingekuwa na njia nyingine. Inazo. Tangu Septemba 2022 ipo viza ya miaka 10 kwa mstaafu mwenye kipato cha dola 80,000 kwa mwaka. Ipo na nyingine ya miaka mitano mitano kwa raia wa nchi chache, kwa mwenye baht milioni 3. Kumbe muda mrefu unawezekana, ila hupewa mwenye fedha nyingi. Aliyekaa miaka mingi, akaripoti kila siku 90, asizidishe hata siku moja, yeye hahesabiwi chochote. Ombi la 15 ni lile lile la kwanza, picha zile zile, ramani ile ile ya kuchora kwa mkono kuonyesha nyumba. Wala miaka hiyo ya kuongezewa kwa ustaafu haimfungulii njia ya ukaazi wa kudumu.

Mimi ningependa sharti la fedha libaki. Ningependa aliyeongezewa mara tano bila dosari apewe miaka mitatu, na aliyevuka 75 apewe mitano, na fedha zilizofungwa ziruhusiwe kulipia hospitali kwa bili ya hospitali yenyewe. Nchi haitapoteza ila ile ada ndogo ya kila mwaka, na foleni za maafisa zitapungua.

Watu wa nyumbani huniuliza mbona hatukurudi Tanga. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, nami nilichukua wa Uingereza nikiwa kijana, nilipotaka kazi ya uhakika. Nikirudi, naingia mji niliozaliwa kama mgeni, na mume wangu pia, na pensheni yake imegandishwa kule vile vile. Nasi watu wa pwani tukumbuke kwamba ni wenyeji wa wazee wa wengine. Kenya humdai mgeni wa namna hii kibali cha daraja K: awe na miaka 35 au zaidi, kipato cha nje cha dola 24,000 kwa mwaka, na asiajiriwe. Malindi imejaa wazee wa Kitaliano. Sijawahi kusikia mtu wa Malindi akisema Mtaliano asiye na kitu aachwe tu, na simlaumu. Ila nimesikia wengi wakisema yule mzee amekaa hapa miaka 20, huyu ni wetu, na hilo nalo lina uzito wake, ingawa hakuna fomu yenye nafasi ya kuliandika.

Asubuhi ile tulifika saa kumi na mbili. Tulikuwa tumeshapita benki siku hiyo hiyo? Hapana, benki zilikuwa bado hazijafunguka, na kitabu cha benki lazima kionyeshe tarehe ya siku ya ombi, kwa hiyo nilimwacha mzee kwenye kiti chake cha magurudumu kushika foleni, nikaenda mashine ya benki kuweka baht 100 na kukichapisha kitabu. Zamu yetu ilipofika, kijana wa dirishani aliziweka saini mbili kando ya pasi, akazitazama, akatikisa kichwa. Hazifanani. Akaturudishia karatasi zote 43.

Tulirudi wiki iliyofuata na barua ya daktari. Safari hii afisa mwanamke, mtu mzima, alitoka nyuma ya meza akachuchumaa mbele ya kile kiti. Alitueleza kwamba sheria ya Thailand inakubali alama ya kidole badala ya saini mradi washuhudie watu wawili. Akamwita karani mmoja na kijana aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili mpaka ukatulia, akakikandamiza kidole gumba kwenye wino wa zambarau, kisha kwenye fomu.

Muhuri ni wa mwaka mmoja, mpaka 2026. Wino ulikaa kwenye kidole chake siku mbili. Nilileta limau na chumvi nimsugue, akakataa.